Michigan Ilipofungwa Mara Tisa



Tangu turudi Mombasa tumekuwa tukiulizwa maswali na vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Marekani. Huuliza ada, baridi, chakula cha halali, msikiti uko umbali gani na bweni. Hayo yote ni ya maana na tumeyajibu kadiri tunavyojua. Lakini hakuna hata mmoja aliyetuuliza kuhusu mpira, nasi tuliokaa miaka mingi karibu na chuo kikuu cha Michigan, katika mji wa Ann Arbor, twajua kwamba huwezi kuuelewa mji wa chuo wa kule bila kuujua mpira wake. Ndiyo maana leo tumeonelea tuwasimulie msimu mmoja tu, wa mwaka 2008, ambao timu ya Michigan ilicheza mechi 12 ikashinda 3 na kufungwa 9. Wenyewe hawapendi kuukumbuka. Sisi twaukumbuka kuliko misimu yote ya ushindi.

Kwanza tuelewane: mpira wenyewe si huu wetu wa miguu. Ni mpira uliochongoka ncha mbili, mfano wa papai changa, na hushikwa kwa mikono. Kila upande una watu 11 waliovaa kofia ngumu na vikinga mabegani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, ikishindwa basi mpira huenda kwa wenzao. Ukiufikisha nyuma ya mstari wa mwisho wapata pointi 6, ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili wapata 3. Anayeanzisha kila shambulizi huitwa kwotabeki, na huyo ndiye anayesifiwa timu ikishinda na kutukanwa ikishindwa. Mwenye kuijua raga atauelewa haraka. Mama yetu mmoja aliyekuja kutuzuru alitazama nusu saa akasema hawa watu wanapigana, kisha wanapumzika, kisha wanapigana tena. Hakukosea sana.

Sasa fikirieni kwamba wachezaji ni wanafunzi wa chuo, na uwanja wao unaingiza watu zaidi ya 107,000. Ann Arbor yenyewe ina watu kiasi cha laki moja na kidogo. Jumamosi ya mechi, uwanja ni mji wa pili. Na Michigan si timu ya kawaida: hakuna chuo kilichoshinda mechi nyingi kuliko hicho. Wimbo wao, uliotungwa na mwanafunzi Louis Elbel mwaka 1898, unaitwa The Victors, yaani Washindi. Kabla ya 2008, mara ya mwisho kwa timu hiyo kumaliza msimu ikiwa imefungwa zaidi ya ilivyoshinda ilikuwa 1967. Na tangu 1975 haikuwahi kukosa kualikwa katika zile mechi za mwisho wa mwaka ambazo timu nzuri hualikwa. Miaka 33 mfululizo. Kulikuwa na wazazi wenye wajukuu ambao hawajui Michigan dhaifu inafananaje.

Dalili zilikuwapo. Septemba 2007 walifungwa nyumbani 34 kwa 32 na Appalachian State, chuo cha daraja la chini ambacho wengi hawakuwahi kukisikia. Mwisho wa msimu ule kocha Lloyd Carr akastaafu. Desemba wakamleta Rich Rodriguez kutoka West Virginia, na mkataba wake wa zamani ulikuwa na kifungu cha kulipa dola milioni 4 akiondoka, wakashtakiana hadi Julai 2008. Huyu alikuja na mchezo wa aina nyingine kabisa, wa kasi, unaotaka kwotabeki mwenye mbio. Waliokuwapo walikuwa wamefunzwa mchezo wa zamani. Chad Henne, Mike Hart na Jake Long walikuwa wamemaliza muda wao. Wengine wakaenda ligi ya kulipwa mapema. Kwotabeki kijana Ryan Mallett akahamia Arkansas. Justin Boren, mchezaji wa mstari wa mbele, akaondoka akilalamika kwamba ule moyo wa kifamilia umepungua, na akaenda kujiunga na Ohio State, mahasimu wakubwa. Kwa lugha yetu ni kama nyumba imebadilisha mwenye nyumba, vyombo vikauzwa, na wageni wamealikwa karamu kesho.

Kijana wetu mkubwa alianza mwaka wa kwanza chuoni hapo hapo mwezi ule. Alikuwa amenunua tikiti za wanafunzi za msimu mzima kwa fedha za kazi yake ya likizo, na hakuna kitu alichokitunza kama tikiti zile. Sisi tulikuwa na wengine wawili nyumbani, binti wa miaka 13 na mdogo wa miaka 10, ambao waliiona mechi kwenye televisheni. Mmoja wetu alikuwa akifanya kazi katika karakana ya vipuri vya magari, na mwingine shuleni, jikoni.

Mechi ya kwanza ilikuwa Agosti 30, wakafungwa na Utah 25 kwa 23. Siku mbili baadaye Ramadhani ikaingia. Kwa hiyo mwezi wote wa kwanza wa msimu ule kijana wetu aliutazama akiwa amefunga. Waliishinda Miami ya Ohio, wakaenda Notre Dame, wakacheza kwenye mvua kubwa, wakaupoteza mpira mara sita wakafungwa 35 kwa 17. Tulikuwa tukikaanga kaimati jikoni tukasikia mdogo akilia sebuleni, tukadhani ameanguka.

Septemba 27 ilikuja Wisconsin, timu iliyokuwa ya tisa nchini. Mechi ilianza saa tisa na nusu alasiri. Kijana wetu alikwenda na wenzake wanne wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, kila mmoja na tende mfukoni, kwani uwanjani hapo wakati ule haikuruhusiwa kuingia na mkoba wa aina yoyote. Kufikia mapumziko Wisconsin ilikuwa na 19, Michigan sufuri. Watu wakazomea. Wakazomea wachezaji wao wenyewe, wanafunzi wenzao, na wengi wakaanza kuteremka ngazi kurudi nyumbani.

Wale vijana watano hawakuondoka, na sababu yenyewe si ushabiki. Alasiri ilikuwa imeingia na wao walikuwa wamekubaliana kuswali wakati wa mapumziko, upande wa nyuma wa jukwaa penye ukuta. Walitandaza koti moja, wakapokezana. Kijana wetu alituambia kwamba wakati wanaswali, watu walikuwa wakipita kwa mamia kuelekea nje, wengine wakilaani, na mzee mmoja akasimama karibu nao kama anayewalinda wasikanyagwe, hakusema neno. Walipotoa salamu, mzee akawauliza mnarudi ndani? Wakasema tunarudi. Akasema basi nami narudi.

Wakakuta viti vitupu, wakateremka hadi karibu na uwanja. Na kipindi cha pili Michigan ikaamka. Kwotabeki Steven Threet, ambaye si mtu wa mbio hata kidogo, akakimbia yadi 58. John Thompson akaudaka mpira wa wapinzani akakimbia nao hadi mwisho. Wisconsin wakapata nafasi mwishoni kusawazisha kwa pointi mbili, wakafaulu, ikafutwa kwa kosa la mchezaji wao, wakarudia wakashindwa. 27 kwa 25. Haikuwa imewahi kutokea katika uwanja ule timu ya nyumbani kuinuka kutoka chini kiasi hicho. Jua lilikuwa linazama wanapotoka. Walifuturu barabarani kwa tende zilizoshikana mfukoni, wakiwapa na waliokuwa karibu, wasiojua ni za nini.

Mkumbuke, basi, kwamba ule ulikuwa ushindi wa pili na walibakiwa na mmoja tu msimu mzima. Wiki ya Idi walifungwa na Illinois 45 kwa 20. (Illinois ndiko jumuiya ya kwanza ya kitaifa ya wanafunzi Waislamu Marekani ilikoanzishwa, mwaka 1963, kwa hiyo wenzake kijana wetu walitaniana kwamba angalau wamefungwa na wenye nyumba.) Kisha ikaja Toledo.

Toledo ni mji wa Ohio, kusini kidogo ya mpaka, mwendo wa saa moja kwa gari. Ukitoka Michigan kwa barabara kuu ya 75, ukiupita mji, waona msikiti mkubwa wenye kuba na minara miwili, uliofunguliwa 1983, umesimama kama uliochukuliwa Istanbul ukawekwa kati ya mashamba ya mahindi. Tuna jamaa huko wa kufa na kuzikana. Na chuo cha Toledo kina timu, lakini ni timu ya ligi ndogo. Michigan ilikuwa imecheza na timu za ligi hiyo mara 24, ikashinda zote 24. Toledo yenyewe msimu ule ilikuwa hoi, imeshinda mara moja tu. Mechi kama hiyo huwekwa kwenye ratiba ili timu kubwa ipumue.

Oktoba 11 Toledo wakashinda 13 kwa 10. Mwishoni kabisa Michigan walipata nafasi ya kusawazisha kwa mkwaju wa karibu, yadi 26, ukakosa. Hata dakika tano hazikupita simu ikalia. Jamaa zetu wa Toledo walikuwa wakipokezana chombo kutucheka, hadi bibi yao ambaye hajui mpira ni nini naye akapewa simu aseme "kumi na tatu". Tukawakumbusha kwamba mwaka 1835 Michigan na Ohio zilikaribia kupigana vita kweli kugombania mji huo huo wa Toledo, na Ohio wakaupata. Wakasema basi hii ni mara ya pili.

Tulicheka, lakini nyumbani hakukuwa na kicheko. Mdogo wetu alikuwa amejifungia chumbani. Alipotoka alisema neno kuhusu Threet, neno alilolisikia shuleni, ambalo hatuwezi kuliandika hapa. Hapo ndipo msimu huu ulipoacha kuwa mpira kwetu.

Tuwaeleze hali ilivyokuwa. Redioni, asubuhi hadi jioni, watu wazima walipiga simu kuwatukana wale wavulana kwa majina. Kwotabeki wawili walikuwa wakipokezana. Threet alikuwa amehamia kutoka chuo kingine na hakuwa amecheza mwaka uliotangulia. Mwenzake, Nick Sheridan, alikuwa kijana wa Saline, mji wa jirani, mtoto wa kocha, aliyeingia kwenye timu bila kuitwa na bila ufadhili. Vijana wa miaka 19, 20. Kocha wao alilipwa mamilioni. Wao, kwa kanuni za wakati ule, hawakuruhusiwa kupata hata senti kutokana na mchezo, zaidi ya kusomeshwa. Siku hizi mambo yamebadilika: tangu 2021 mchezaji aweza kulipwa kwa matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwagawia mapato. Lakini mwaka 2008 mtu aliyekuwa akitukanwa mbele ya watu laki moja hakuwa na mshahara wala kinga.

Tulimketisha mdogo. Tukamuuliza, huyo unayemsema ni nani?

"Ni kwotabeki mbovu."

Huyo ni mtoto wa watu, tukamwambia. Ana mama kama huyu hapa, ambaye leo amekaa mbele ya televisheni kama wewe, na redio yake inasikika kama yetu.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini baba, si walipoteza?" Walipoteza, ndiyo. Hatukutaka kumdanganya kwamba walicheza vizuri. Walicheza vibaya na tungekuwa waongo kusema vingine. Tulichomtaka ni atofautishe kati ya mchezo mbaya na mtu mbaya, na hilo, wazazi wenzetu mtakubali, hata watu wa makamo huwashinda. Dada yake ndiye aliyesaidia. Alikuwa na simulizi kutoka kwa kaka yao: darasani kwake kulikuwa na mchezaji mmoja wa timu, si mmoja wa hao wawili, na Jumatatu baada ya Toledo alikuja mapema kuliko wote, kofia imeshushwa hadi machoni, kazi yake ya nyumbani imekamilika, na safu nzima aliyokaa ikabaki tupu. Kaka yao akaenda kukaa pale. Hawakuzungumza. Jumatano wakasalimiana.

Mdogo aliuliza maswali mengi kuhusu kiti kile. Aliuliza kiti kilikuwa upande gani, na kama yule mchezaji alikuwa mkubwa sana. Hatukusikia tena lile neno.

Mambo mengine yalikuwa yakiendelea pia, na bila hayo hamtaelewa kwa nini mji ulikasirika hivyo. Ilikuwa msimu ule ule ambao mabenki ya Marekani yalianguka, na Michigan ni jimbo la magari. Karakana ilipunguza zamu, kisha ikapunguza watu, na mmoja wetu akaambiwa asubiri nyumbani aitwe. Novemba wakuu wa kampuni tatu za magari walikwenda Washington kuomba mkopo wa serikali, wakaenda kwa ndege zao binafsi, jambo lililochekesha na kuudhi nchi nzima. Mitaani kwetu mabango ya nyumba kuuzwa yalikuwa mengi kama majani ya vuli. Mtu aliyepoteza kazi Ijumaa alikuwa akiingojea Jumamosi impe kitu cha kusimama wima, na Jumamosi ikampa Penn State 46 kwa 17. Halafu Michigan State, ambao mwaka mmoja nyuma Mike Hart aliwafananisha na mdogo wake mtu, wakaja Ann Arbor wakashinda 35 kwa 21.

Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa mzee mstaafu wa kiwanda, Mmarekani mzungu, aliyekuwa na tikiti za uwanja ule tangu ujana wake. Miaka minne tulikuwa tumeishi ukuta kwa ukuta na maneno yetu yalikuwa ya theluji na takataka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wake na sisi tulikuwa na wetu. Timu iliposhinda, nyumba yake ilijaa magari ya wageni, muziki, moshi wa nyama. Sisi tulifunga madirisha.

Msimu ule magari yakaanza kupungua. Baada ya Toledo hakuja mtu. Siku ya Michigan State tulimwona amekaa peke yake barazani na redio, amevaa shati lake la bluu na njano, na meza amepanga ya watu wanane. Tukampelekea sinia ya viazi vya rojo na bajia. Hatukujua la kusema, tukasema tulilozoea kusema mtu akifiwa, pole. Akatutazama, akacheka hadi akafuta macho. Akasema kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumpa pole ya mpira, watu humwambia tu nani afukuzwe.

Kwetu pwani harusini waenda kwa kadi, matangani hungoji mwaliko. Tulikuwa tumeishi katika mji ule kama watu wasio na kadi, tukiusikia muziki wa wengine. Walipofiwa tukaingia. Tangu siku ile jirani alikuwa akija kwetu Jumamosi kutazama mechi za ugenini, na ndiye aliyemfundisha binti yetu kusoma mchezo, hata akawa anajua kabla ya mpira kurushwa utakwenda wapi. Na aliposikia habari ya karakana, alipiga simu tatu kwa marafiki zake wa zamani. Kazi haikupatikana, hapakuwa na kazi ya mtu yeyote, lakini simu alizipiga.

Novemba mosi Purdue wakashinda 48 kwa 42, na ile miaka 33 ikakatika rasmi. Siku tatu baadaye ukaja uchaguzi, na Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, akachaguliwa. Nyumbani Kenya rais Kibaki akatangaza sikukuu, na ndugu walipotupigia simu kwa furaha walishangaa kusikia majirani zetu bado wanazungumzia Purdue.

Novemba 8 walikwenda Minnesota. Threet alikuwa ameumia, kwa hiyo akaanza Sheridan, yule aliyeingia timu bila kuitwa. Timu hizi mbili hugombania mtungi. Si kikombe cha fedha, ni mtungi wa maji hasa, ambao Michigan waliununua senti 30 mwaka 1903 walipokwenda kucheza huko, wakausahau, na wenyeji wakakataa kuurudisha hivi hivi. Mtoto wa Saline akauleta nyumbani, 29 kwa 6. Jirani alisimama sebuleni kwetu akapiga makofi peke yake kwa muda mrefu. Mdogo wetu akachora mtungi ule kwa rangi, akaubandika kwenye friji.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Northwestern, kwenye baridi ya mvua na theluji, 21 kwa 14. Kijana wetu alikaa hadi mwisho akarudi na homa. Ohio State, 42 kwa 7. Mechi tisa za kufungwa, ambazo hazikuwahi kufika idadi hiyo tangu chuo kianze kucheza. Na kama hiyo haitoshi, Detroit Lions, timu ya kulipwa ya jimbo hilo hilo, walimaliza Desemba wakiwa wamefungwa mechi zote 16, wa kwanza kufanya hivyo tangu msimu uwe wa mechi 16. Hata hivyo, kwa hesabu rasmi, hakuna mechi hata moja ya nyumbani ya Michigan mwaka ule iliyokosa watu 100,000.

Rodriguez alipewa misimu miwili zaidi, akafukuzwa Januari 2011, akiwa ameshinda 15 na kufungwa 22. Wengine walisema alionewa, wengine alichelewa kufukuzwa, na kwa maoni yetu wote wana hoja: alikuta nyumba tupu, na kuijaza akashindwa. Toledo, kwa njia, nao walimaliza 2008 kwa kushinda 3 na kufungwa 9. Sheridan aliendelea na mpira akawa kocha. Threet alihamia Arizona State, na mapema 2011 akaacha kucheza kabisa kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo aliyoipata mara kwa mara. Habari hiyo ilipotangazwa mdogo wetu alikuwa na miaka 12 na alikuwa akituomba ruhusa ya kujiunga na timu ya shule. Alituletea gazeti mwenyewe, akaliweka mezani, na hakuomba tena. Wazazi wenye wana wanaopelekwa kule na mapema, hilo la vichwa msilichukulie wepesi. Mchezo ni mzuri lakini mwili ni amana.

Karakana haikutuita. Chrysler walifilisika Aprili 2009, General Motors Juni, na waliowategemea wakaenda nao. Mmoja wetu akaendesha basi la shule hadi tulipoondoka.

Januari 2024 Michigan walikuwa mabingwa wa taifa, wakiifunga Washington 34 kwa 13, mechi 15 bila kufungwa hata moja. Sisi tulikuwa tumesharudi Mombasa. Mechi ilianza usiku wa manane kwa saa za huku, na adhana ya alfajiri ikatukuta wako mapumzikoni. Jirani alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka kadhaa nyuma. Jua lilipotoka mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 25 na bado alikuwa kule, akapiga simu. Tulidhani atazungumzia ubingwa. Akazungumzia dakika mbili, kisha akaanza kuwataja wa 2008 mmoja mmoja, Threet, Sheridan, Thompson, na hata yule wa darasani ambaye jina lake kaka yake hakuwahi kutuambia. Akasema alikuwa akijiuliza usiku kucha kama nao walikuwa macho wakitazama.